Kufanana ni Kuzidisha: Hotuba kuhusu Uwiano na Maumbo Yanayofanana

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliofika,

Nianze na mchoro. Chora mstatili wenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30. Uzungushie fremu ya sentimita 5 kila upande. Mstatili wa nje sasa una sentimita 30 kwa 40. Je, mstatili wa nje unafanana na wa ndani?

Ukiuliza swali hili darasani, wengi watajibu ndiyo. Fremu ina upana uleule pande zote nne, kila kitu kimeongezwa sawasawa, na jicho linakubali. Lakini jibu ni hapana. Wa ndani una uwiano wa 2 kwa 3, wa nje una uwiano wa 3 kwa 4. Ukitaka mstatili wa nje wenye upana wa 30 ufanane na wa ndani, urefu wake lazima uwe 45. Maana yake fremu iwe sentimita 5 kushoto na kulia, na sentimita 7.5 juu na chini.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa makosa mengi ninayotaka tuyachambue. Kufanana, katika jometri, ni jambo la kuzidisha. Ukijumlisha urefu uleule kila upande unapata umbo jingine kabisa, hata kama linatazamika kama ndugu wa lile la kwanza. Isipokuwa mraba: mraba ukiuongezea fremu iliyo sawa pande zote, unabaki mraba. Na kwa bahati mbaya mifano mingi ya mwanzo huwa ni ya miraba, ndiyo maana mwanafunzi huondoka na kanuni isiyo ya kweli.

Tuuweke sawa uwiano wenyewe kwanza, kwa haraka. Uwiano unalinganisha vitu viwili kwa kugawanya. Tunaposema 2 kwa 3 tunauliza: cha kwanza ni mara ngapi ya cha pili? Mpangilio una maana, 2:3 si 3:2. Vipimo navyo lazima viwe vya aina moja kabla ya kugawanya. Sentimita 50 kwa mita 2 si 50:2, wala si 25:1. Geuza mita 2 ziwe sentimita 200, upate 50:200, yaani 1:4. Aliyeandika 25:1 amesema kwamba kipande kifupi ni mara 25 ya kirefu, na angesoma jibu lake kwa sauti angelikataa mwenyewe. Kosa jingine: mstari umegawanywa kwa uwiano wa 2:3, mwanafunzi anaandika kwamba kipande cha kwanza ni theluthi mbili za mstari. Sivyo. Mafungu yote ni 5, kwa hiyo kipande cha kwanza ni 2/5 ya mstari mzima, na ni 2/3 ya kipande cha pili. Sehemu hizo mbili zinazungumzia vitu viwili tofauti. Likariri hilo, maana tutalikuta tena ndani ya pembetatu.

Sasa maumbo. Maumbo mawili yenye pande zilizonyooka yanafanana pale masharti mawili yanapotimia kwa pamoja: pembe zinazooana, yaani zinazokaa nafasi ileile kwenye kila umbo, ni sawa, na pande zinazooana zina uwiano mmoja. Nasema kwa pamoja, kwa sababu sharti moja peke yake halitoshi. Mraba na mstatili mrefu vina pembe sawa, zote nyuzi 90, lakini havifanani. Mraba wa sentimita 4 na rombasi (umbo la pande nne zilizo sawa) ya sentimita 6 iliyolala upande, pande zao zote zina uwiano wa 4 kwa 6, lakini havifanani pia, kwa kuwa pembe zimepinda.

Namba inayotutoa kwenye umbo moja na kutupeleka kwenye la pili nitaiita kizidishi, na nitaiandika k. Pande za 8, 12 na 18 zikizidishwa kwa 1.5 zinakuwa 12, 18 na 27. Ukirudi nyuma, kizidishi ni 2/3. Si 0.5! Mtu aliyekuza picha kwa asilimia 50 kisha akaipunguza kwa asilimia 50 hajarudi alikotoka. Ana picha yenye urefu wa 0.75 ya ule wa mwanzo, kwa kuwa 1.5 mara 0.5 ni 0.75.

Hizo pembetatu mbili nilizozitaja sikuziokota ovyo. Zitazameni tena: 8, 12, 18 na 12, 18, 27. Zinafanana, kwa hiyo pembe zao tatu ni sawa. Tena zina pande mbili zenye urefu uleule, 12 na 18. Vipimo vitano kati ya sita ni sawa, na bado pembetatu moja ni kubwa kuliko nyenzake! Sababu ni kwamba pande hizo za 12 na 18 hazioani: kwenye ndogo ni ule wa kati na ule mrefu, kwenye kubwa ni ule mfupi na ule wa kati. Mpe mfano huu mwanafunzi anayesema kwamba kuoanisha pande ni mapambo tu ya kuandika. Kuoanisha ndiyo hesabu yenyewe.

Kwa hiyo tukiandika kwamba pembetatu ABC inafanana na PQR, mpangilio wa herufi ni ahadi. A inaoana na P, B na Q, C na R. Kutokana na hapo pande zinajiandika zenyewe: AB kwa PQ, BC kwa QR, AC kwa PR. Pembetatu ya pili ikiwa imegeuzwa au imepinduliwa kwenye mchoro, usiiamini picha. Panga pembe kwanza, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa. Upande mfupi kuliko yote daima unatazamana na pembe ndogo kuliko zote, na mrefu unatazamana na pembe kubwa. Ukishaona hilo, hata karatasi ikigeuzwa juu chini hupotei.

Pembetatu ina upendeleo ambao maumbo mengine hayana. Kwake, pembe zikiwa sawa, pande hazina budi kufuata uwiano mmoja, na pande zikifuata uwiano mmoja, pembe hazina budi kuwa sawa. Pembe mbili tu zinatosha, maana ya tatu inajulikana kwa kutoa kutoka nyuzi 180. Vilevile zinatosha pande tatu zenye uwiano mmoja, au pande mbili zenye uwiano mmoja na pembe iliyo katikati yake. Hapa kwenye "katikati" ndipo watu huteleza. Chora pembe ya nyuzi 30 kwenye A, upande AB uwe 10, na upande BC unaotazamana na hiyo pembe uwe 6. Ukiweka bikari kwenye B ukaifungua 6, itaukata mstari wa pili sehemu mbili. Unapata pembetatu mbili tofauti: moja ina pembe ya nyuzi 56 hivi pale C, nyingine nyuzi 124 hivi. Zote zina uwiano wa 10 kwa 6 na pembe ya 30, na hazifanani. Pembe haikuwa katikati ya pande hizo mbili.

Sasa turudi kwenye lile la mafungu. Pembetatu ABC, alama D iko juu ya AB, alama E juu ya AC, na mstari DE ni sambamba na BC. Tumepewa AD ni 4, DB ni 6, BC ni 15. DE ni ngapi? Jibu linaloandikwa mara nyingi ni 10, kwa kuchukua 4/6 na kuzidisha kwa 15. Jibu sahihi ni 6, kwa kuchukua 4/10.

Kwa nini kosa hili ni gumu kufa? Kwa sababu uwiano wa 4:6 ni wa kweli mahali pengine ndani ya mchoro uleule. Kama AE ni 6, basi EC ni 9, na 4:6 ni sawa na 6:9. Mstari sambamba unazikata pande mbili kwa uwiano mmoja, hilo halina ubishi. Lakini DE ni upande wa pembetatu ndogo ADE, na BC ni upande wa pembetatu kubwa ABC. Anayelinganisha DE na BC analinganisha pembetatu na pembetatu, kwa hiyo lazima alinganishe AD na AB yote, si AD na kipande kilichobaki. DB si upande wa pembetatu yoyote kati ya hizo mbili. Dawa yake ni ya kalamu tu: chora pembetatu ndogo pembeni, kivyake, iandikie namba zake, kisha chora kubwa kivyake. Zikishatengana, DB inakosa mahali pa kukaa.

Na kuna ukaguzi wa sekunde tano. D iko kabla ya katikati ya AB, kwa hiyo DE lazima iwe fupi kuliko nusu ya 15, yaani chini ya 7.5. Jibu la 10 haliwezekani. Mimi naona ukaguzi huu una thamani kuliko kuzidisha kwa mkingamo, yaani kuzidisha juu ya sehemu moja kwa chini ya nyingine, ingawa kuzidisha huko ndiko kunakofundishwa zaidi. Kuzidisha kwa mkingamo hutoa jibu hata pale ulipoandika uwiano kinyume, bila kukuonya. Tafuta k kwanza, jiulize kama unatarajia jibu kubwa au dogo, ndipo uzidishe.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye pembetatu moja, maana sijui nyingine inayotoa mengi kwa namba chache hivi. Pembetatu yenye pande 3, 4 na 5, pembe mraba ikiwa C. CA ni 3, CB ni 4, AB ni 5. Kutoka C teremsha mstari ulionyooka hadi AB, uukate kwa nyuzi 90 kwenye alama H. Mstari huo umeigawa pembetatu katika vipande viwili, na vipande vyote viwili vinafanana na pembetatu nzima! Kipande cha upande wa A kina pembe mraba pale H, na kinashirikiana na pembetatu nzima pembe A. Pembe mbili zimetosha. Cha upande wa B vivyo hivyo, kwa pembe B.

Tafuteni vizidishi. Katika kipande cha kwanza, upande mrefu kuliko yote ni CA, yaani 3, wakati kwenye pembetatu nzima ni 5. Kizidishi ni 0.6. Pande zake kwa hiyo ni 1.8, 2.4 na 3. Katika kipande cha pili upande mrefu ni 4, kizidishi ni 0.8, na pande zake ni 2.4, 3.2 na 4. Kagueni: CH ni 2.4 kutoka pande zote mbili, na 1.8 jumlisha 3.2 ni 5. Kila kitu kimekaa mahali pake.

Sasa maeneo. Pembetatu nzima ina eneo la 6. Kipande cha kwanza ni nusu ya 1.8 mara 2.4, yaani 2.16. Cha pili ni nusu ya 2.4 mara 3.2, yaani 3.84. Jumla ni 6, kama inavyopasa. Lakini gawanya 2.16 kwa 6 uone: ni 0.36, ambayo ni 0.6 mara 0.6. Na 3.84 kwa 6 ni 0.64, ambayo ni 0.8 mara 0.8. Eneo limefuata kizidishi kilichozidishwa kwa chenyewe. Na kwa kuwa vipande viwili vinaijaza pembetatu nzima bila kubakiza, 0.36 na 0.64 lazima zijumlike kuwa 1. Zidisha yote kwa 25: 9 na 16 ni 25. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, imetoka ndani ya kufanana peke yake, wala hatukuchora mraba hata mmoja.

Hilo la eneo nalishikilia, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi nje ya darasa. Urefu ukizidishwa kwa k, eneo linazidishwa kwa k mara k, na ujazo kwa k mara k mara k. Chukua ramani ya chumba kwa skeli ya 1:100. Kwenye karatasi chumba ni sentimita 5 kwa 4, eneo sentimita za mraba 20. Anayezidisha 20 kwa 100 anapata sentimita za mraba 2,000, yaani mita za mraba 0.2, mahali pasipotosha hata kulala. Zidisha kwa 100 mara 100: sentimita za mraba 200,000, yaani mita za mraba 20. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500, lakini sentimita moja ya mraba ni robo ya kilomita ya mraba, yaani hekta 25. Njia salama ni kugeuza urefu kwanza, kila upande kivyake, ndipo utafute eneo.

Karatasi ya A4 inaonyesha jambo hili kwa mkono. Ina milimita 210 kwa 297. Ikunje katikati ya upande mrefu, unapata umbo lenye uwiano uleule. Hilo halitokei kwa mstatili wowote tu. Kama upana ni 1 na urefu ni x, nusu yake ina upana wa x/2 na urefu wa 1, na ili zifanane lazima x kwa 1 iwe sawa na 1 kwa x/2. Hiyo inatoa x mara x sawa na 2, kwa hiyo x ni kipeuo cha pili cha 2, takriban 1.414. Gawanya 297 kwa 210 uone. Karatasi ya barua inayotumika Marekani, milimita 216 kwa 279, ina uwiano wa 1.29 hivi, na ukiikunja nusu yake ina 1.55 hivi. Na kwa kuwa A3 ni sawa na A4 mbili, mashine ya kutoa kopi huandikwa asilimia 71 kwa kutoka A3 kwenda A4: urefu mara 0.71, eneo mara 0.5. Anayebonyeza asilimia 50 akitaka nusu ya karatasi anapata robo. Ukitaka kupima kama mistatili miwili inafanana bila rula, weka mdogo juu ya mkubwa, kona juu ya kona, pande fupi zikielekea upande mmoja, kisha chora ulalo wa mkubwa kutoka kona hiyo. Ukipita kwenye kona ya mdogo, inafanana.

Kupima urefu kwa kivuli ni kazi ya zamani sana, waandishi wa kale walimhusisha Thales, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na vipimo vya piramidi za Misri. Fimbo ya mita 1 ina kivuli cha mita 0.8, mti una kivuli cha mita 6.4, kwa hiyo mti una mita 8. Kwenye daftari imekwisha. Uwanjani kuna mambo ya kuangalia. Fimbo isimame wima, ipimwe kwa timazi, na ardhi iwe tambarare kwa vivuli vyote viwili. Vipimo vichukuliwe kwa pamoja, kwani jua huhama nyuzi 1 kila dakika 4. Anza kupima kivuli cha mti kutoka katikati ya shina, si kwenye gome. Ncha ya kivuli nayo haina ukingo mkali, kwa sababu jua lina upana wa karibu nusu nyuzi angani: jua likiwa nyuzi 45, ncha ya kivuli cha kitu cha mita 8 hufifia kwa sentimita 15 hivi. Lenga katikati ya ule ukungu. Ukikosea sentimita 1 tu kwenye kivuli cha fimbo, ukasoma 0.81, mti unashuka hadi mita 7.9. Kosa dogo kwenye fimbo nalo limezidishwa, kwa hiyo tumia fimbo ndefu.

Kwa piramidi kuna mtego zaidi. Kilele chake kiko juu ya katikati ya kitako, ambapo huwezi kufika na kamba. Piramidi kuu ya Giza ina kitako cha mita 230 hivi na ilipojengwa ilikuwa na kimo cha karibu mita 146.6. Wakati kivuli cha fimbo ni sawa na fimbo, na jua likipiga kwa kunyooka dhidi ya upande mmoja, kivuli cha piramidi kinachoonekana nje ya kitako ni mita 31 hivi tu. Anayesahau kuongeza nusu ya kitako, mita 115, ataiona piramidi kuwa na kimo cha jengo la ghorofa kumi.

Ujazo ndio unaodanganya jicho kuliko yote. Chombo cha lita 1 chenye kimo cha sentimita 10, kikitengenezewa mwenzake anayefanana naye mwenye kimo cha sentimita 15, huyo anachukua lita 3.375. Na ukitaka wa lita 2, usiongeze kimo maradufu, hapo ungepata lita 8. Kizidishi ni kipeuo cha tatu cha 2, takriban 1.26, kwa hiyo kimo ni sentimita 12.6. Vikiwekwa mezani, mtu atasema hivyo viwili karibu vinalingana. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alilieleza jambo hili mwaka 1638 kwa mifupa: mnyama akikuzwa mara mbili kila upande, uzito unakuwa mara 8 na eneo la mfupa unapokatwa kwa kukingama linakuwa mara 4 tu, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo maradufu. Mfupa wa mnyama mkubwa hauwezi kufanana na wa mdogo. Lazima uwe mnene zaidi kwa urefu wake, na ukilinganisha paja la tembo na la paka, tofauti ya uwiano wa unene kwa urefu utaiona kwa macho.